Nyuso Alizozigeuza Nje

Kaaha alikaanga sambusa kando ya soko la mifugo la Garissa miaka kumi na minne, akizifunga kwa magazeti ya zamani. Kusoma hajui. Alichojua ni kwamba si adabu kumpaka mtu mafuta usoni, basi ukurasa wenye picha ya mtu aliukunja uso ukae nje.

Wiki mbili kabla ya uchaguzi, gazeti moja la Nairobi liliandika waziwazi kuwa linataka Abdihafid awe gavana. Ukoo wa Kaaha ulikuwa na mgombea wake mwingine. Vijana wakasema gazeti limenunuliwa, wakalichoma barabarani, wakamvunja taya Lazarus aliyeliuza. Nakala zake kadhaa zilikuwa zimeshafika kwa Kaaha, kwa bei ya karatasi.

Kesho yake vijana walimkuta mezani. Kwenye kila furushi, Abdihafid anacheka.

"Eddo, shangazi yangu, siku hizi unampigia kampeni?" aliuliza Abdimalik, mtoto wa kaka yake, ambaye Kaaha ndiye aliyemlea.

"Ni karatasi ya kufungia tu. Mimi nitajuaje ni nani huyo?"

"Na uso umeuweka nje umsaidie nani?"

Akalipiga jiko teke. Karai lilipinduka, mafuta yakamshukia Kaaha mkono wa kulia, ngozi ikachunika mpaka vidoleni. Alipokuwa akigaagaa mchangani walimkanyaga mbavu, na mmoja akamshindilia gazeti kinywani.

Hospitalini akaja mwandishi wa gazeti lilelile. Kaaha alimweleza yote, hata habari ya nyuso. Gazeti likatoka na habari kwamba mfuasi shupavu wa Abdihafid ameunguzwa.

Kaka yake, Mahat, hakuja kumwona. Alituma neno tu: meza ya sambusa, iliyoegemea ukuta wa nyumba yake, iondolewe. Wazee nao wakasema jambo limalizwe ndani ya ukoo. Akienda polisi, asijihesabu tena mtu wao.

Alienda, bendeji ingali inavuja usaha. Afisa Mwikali aliandika maelezo yake, kisha akamsogezea karatasi na wino.

"Nisomee kwanza," Kaaha alisema. "Yote."

Mwikali akasoma. Alipofika penye "mfuasi wa Abdihafid", Kaaha akamwambia akate hapo. Akakata, akasoma upya. Safari hii lilikuja jina la Abdimalik, na la baba yake, Mahat.

"Hapo ni sawa?"

"Hapo ni sawa."

Akachovya kidole gumba cha kushoto, akakikandamiza kwenye karatasi.