Mkaguzi wa Nyama Anazalisha Nini?

Nakumbuka Ijumaa moja asubuhi, mwanangu, nikiwa msichana aliyemaliza sekondari juzijuzi tu, baba yangu alipovua kofia yake na kuitupa chini mbele za watu. Baba, Mzee Ramadhani, hakuwa mtu wa kutupa vitu. Alikuwa mchinjaji na muuza nyama kule Nyamirambo, mjukuu wa mchuuzi wa nguo aliyetoka pwani akaoa hukuhuku Rwanda, na kofia ile ya kufumwa ilitoka kichwani mwake wakati wa kulala tu.

Nakusimulia haya kwa sababu ya swali ulilonijia nalo wiki hii. Umesoma uchumi, umepata kazi serikalini, na rafiki yako Yusufu, yule mwenye duka la simu mjini, amekucheka. Amekwambia serikali haizalishi kitu. Inamnyang'anya anayetoka jasho na kumpa anayekaa kitini. Ukaniuliza, "Mama mkubwa, ni kweli?" Nikakwambia tunywe chai kwanza, wageni wakaingia, mazungumzo yakapotea. Sasa wageni wameondoka. Kaa basi, nami nikupe nilichokiona. Jibu zima sina, maana swali hilo nimelitafuna tangu ujana na bado halijalainika.

Ijumaa ile baba alikuwa amepeleka machinjioni dume kubwa jekundu, ng'ombe wa kupendeza macho. Familia moja tajiri ya Nyarutarama ilikuwa na harusi Jumamosi, nao walikuwa wamemchagua baba, kati ya wachinjaji wote wa mji, awapelekee nyama. Hujui jambo hilo lilikuwa na uzito gani. Mtu akishalisha harusi ya Nyarutarama, watu wa hoteli wanamtafuta wenyewe. Mama alikuwa ameshaanza kusema tutaezeka upya nyumba.

Nilikuwa nimempelekea baba chai ya chupa, kwa hiyo niliyaona yote. Dume lilichinjwa, likachunwa, likaning'inizwa. Kisha akaja mkaguzi, Daktari Faustini, daktari wa mifugo aliyeajiriwa na serikali. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyekulia Tanzania ukimbizini na kurudi na Kiswahili kizuri kuliko chetu. Kazi yake ilikuwa kupasua ini, mapafu na tezi, kuangalia, kunusa, na nyama ikiwa salama kuipiga muhuri wa bluu. Bila muhuri ule hakuna kuuza.

Alipasua pafu. Akapasua tezi za shingoni, akaenda kifuani, akaenda tumboni. Mle ndani mlikuwa na vinundu vya manjano kama punje za mahindi.

"Mzee Ramadhani," alisema, "huyu ana kifua kikuu. Kimemwenea mwili mzima."

"Toa mapafu, nibakishie nyama."

"Kingekuwa mapafuni peke yake ningekubakishia. Huyu atazikwa."

"Daktari, nina harusi kesho!"

"Najua. Pole sana, Mzee. Atazikwa."

Hapo ndipo kofia ilipoanguka. Baba akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Jamani, nitazameni mtu huyu! Hafugi, hachinji, hauzi. Hajawahi kuleta hata yai moja duniani. Sisi tunalipa kodi, yeye anakula, kisha anatuzikia ng'ombe wetu. Huyu ni kupe!"

Wachinjaji wengine wakacheka, wakamuunga mkono. Daktari Faustini alisimama pale mpaka dume likamwagiwa dawa na kufukiwa shimoni, tena akangoja udongo ushindiliwe ndipo akaondoka. Harusi ile ililishwa na mchinjaji mwingine. Watu wa Nyarutarama hawakurudi kwetu tena, na nyumba haikuezekwa mwaka ule.

Mimi nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza, mwanangu, na mpaka leo sijapona. Siku chache baadaye Daktari alipopita dukani kwetu kukagua usafi, baba akiwa ndani amenuna, nilimuuliza wazi: "Daktari, usinikasirikie. Kazi yako inazalisha nini?"

Hakukasirika. Aliegemea meza.

"Binti," alisema, "hata mimi hujiuliza. Baba yako akiuza kilo ya nyama, anaiona inaondoka na mtu anaishukuru. Mimi mtu ambaye hakuugua simjui. Wala yeye mwenyewe hajijui. Sasa nitamwonyesha nani?"

Jibu lile lilinisumbua kuliko kama angejitetea. Niliwawazia wageni wa harusi ambao wangekula dume lile, moto ukiwa mdogo, nyama ikiwa nusu mbichi kama wanavyoipenda wengine. Walikula nyama nyingine, wakacheza, wakarudi kwao wazima, wala hakuna aliyejua kuna kitu kilichompita pembeni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini aliyeziba ufa nani humpigia makofi? Ukuta haukuanguka, basi watu hudhani haukuwa na nia ya kuanguka.

Ningeishia hapo, ningebaki na fumbo tu. Ila mwaka uliofuata Daktari Faustini aliugua. Alipasuliwa tumbo, akalazwa, kisha akapelekwa nyumbani kwake Gahanga apumzike. Wa kumshikia nafasi hakupatikana upesi. Mara nyingine alikuja mkaguzi wa kuazima kutoka mbali, mara nyingi hakuja mtu. Wapo waliochinja hivyohivyo na kuuza kwa siri. Na kwa bahati mbaya, ukavuma uvumi kwamba ng'ombe wanakufa huko mashambani kwa ugonjwa usiojulikana.

Mwanangu, tuna methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku zile niliiona methali ile ikishindwa mbele ya macho yangu. Nyama ya baba, siku ambazo mkaguzi wa kuazima alikuja, ilikuwa nzuri. Baba alikuwa mwaminifu. Lakini mnunuzi angejuaje? Mihuri ya uongo ilikuwa imeanza kuonekana mjini. Uzuri wa nyama haujiandiki usoni.

Mama Kayitesi, mama wa Kinyarwanda aliyekuwa akichoma burosheti, yaani mishikaki, jirani yetu, mteja wetu wa kila siku, alikuja akasimama mlangoni bila kuingia.

"Hadija, ile nyama iko na muhuri ya Daktari mwenyewe?"

"Ni ya mkaguzi mwingine, Mama Kayitesi. Lakini ni nzuri, baba ameichagua."

"Baba yako namwamini. Ila wateja yangu hawamujui baba yako. Wanauliza muhuri tu." Akaondoka, akaenda kuchoma viazi na ndizi.

Viazi havikuvuta watu, na jiko lake lilipopoa, muuza mkaa alilalamika. Muuza bia akalalamika. Kijana aliyekuwa akitununulia ngozi akaacha kuja. Fundi cherehani wa jirani, ambaye hana lolote na ng'ombe, akasema hata yeye wateja wamepungua, kwa kuwa watu waliokuwa wakija kula jioni walikuwa wakipitia kwake. Nilikuwa nikikaa dukani na upepeo wa kufukuzia nzi, nikitazama mtaa mzima unavyolegea, nikajiuliza: mbona mtu asiyezalisha kitu ameondoka na riziki za watu wengi hivi?

Baba naye alijiuliza. Asubuhi moja alivaa kanzu safi, akaniambia nimsindikize Gahanga. Tulichukua ndizi na maziwa. Wakati huo Gahanga ilikuwa mashamba matupu, nyumba moja hapa nyingine kule. Tulimkuta Daktari Faustini ameketi barazani, amekonda, mkewe anachambua maharage.

"Pole, Daktari."

"Ahsante, Mzee Ramadhani. Karibuni. Hamkupata shida njiani?"

Walisalimiana kirefu, wakazungumza mvua, wakazungumza watoto. Kisha baba akakohoa. "Daktari, unarudi lini kazini?"

Daktari akatabasamu. "Mzee, si ulisema mimi ni kupe?"

"Nilisema," baba akajibu, hakukwepa. "Lakini nimekaa nikafikiri. Ni kupe gani huyu, akidondoka ng'ombe ndiyo anakonda?"

Daktari alicheka mpaka akashika mshono wa tumbo na mkewe akatukemea sote. Sikuwahi kumwona mtu anacheka huku anaumia namna ile. Alipotulia akasema maneno ambayo, mwanangu, nataka uyashike kama yalivyo.

"Mzee, usije ukanisifu nikavimba kichwa. Kodi yenu ndiyo inayonilisha, na ingebaki mikononi mwenu mngeifanyia kitu. Pengine ungenunua jokofu. Kwa hiyo mimi nina deni la kukupa kitu kizuri kuliko jokofu. Siku nisipokupa, uliyosema machinjioni ni kweli tupu. Na kule ofisini, haki ya Mungu, wapo ambao wakiondoka hata paka hatajua."

Alirudi kazini alipopata nguvu. Mama Kayitesi akawasha jiko. Usidhani baba alianza kuipenda kodi. Alinung'unika mpaka anaingia kaburini, Mungu amrehemu. Kilichobadilika ni manung'uniko yenyewe. Zamani alikuwa akisema, "Kwa nini wanachukua?" Akawa anasema, "Wamechukua, wamefanyia nini?" Kila baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, watu wakishaweka majembe chini na mkutano kuanza, kiongozi alikuwa anajua Mzee Ramadhani atanyanyua mkono.

Na hakuwa akipatia kila mara. Kuna jengo lililopendekezwa mtaani, ukumbi wa nini sijui, akapinga, akasema hakuna atakayelia likikosekana. Likajengwa. Lilipakwa rangi nzuri, likafungwa kufuli, likabaki hivyo. Pale alipatia. Lakini alipinga vilevile kujengea kwa mawe ile ruhurura, korongo la maji ya mvua lililoshuka nyuma ya maduka. Alisema ni kutupa mawe shimoni. Mvua kubwa za msimu uliofuata zilipokuja, maji yalipita mle yakinguruma na duka letu likabaki kavu. Baba alitoka akayatazama, mikono nyuma, akasema tu, "Hili sikuliona." Basi. Mtu mkweli hahitaji maneno mengi.

Ndiyo maana, kabla wageni hawajaingia, uliponieleza yale mliyofundishwa chuoni, niliweka kikombe chini. Ulisema kazi nyingi ya serikali haiuzwi sokoni, haina bei, hivyo wanaopima uchumi wa nchi huihesabu zaidi kwa gharama yake, mishahara na vifaa. Nikakuuliza: kwa hiyo Daktari Faustini na yule wa kiti ambaye hata paka hatamkosa, mshahara ukiwa mmoja, mizani inasema wamezalisha sawa? Ukasema, "Karibu sawa, Mama mkubwa." Wewe ulicheka, mimi sikucheka. Nilifikiri: kumbe hata wasomi hawajapata mizani ya kitu hiki. Na Yusufu naye ana mizani yake inayosema wote wawili ni sifuri. Mizani mbili, na zote mbili haziwezi kuwatenganisha watu wawili ambao mama mchoma burosheti angewatenganisha bila kufikiri.

Yusufu lakini usimdharau. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ana haki anaposema mshahara wa serikali haushuki na mvua. Ukisikia mtu anasema watumishi ni faida kwa sababu wanakula mishahara yao madukani, muulize: na hizo fedha wangebaki nazo wenye maduka, zisingemlisha mtu? Kuhamisha maji kutoka mtungi hadi mtungi hakuongezi maji. Swali ni kama njiani kuna shamba lililomwagiliwa. Ila naye Yusufu muulize, kwa upole: barabara inayoleta simu zake imejengwa na nani? Na mteja akimdhulumu, ataenda kulia kwa nani?

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usichukue kazi kwa kuwa ni ya serikali, wala usiikatae kwa kuwa ni ya serikali. Iulize kazi yenyewe: ukiifanya vizuri, ni kazi za nani nyingine zinazosimama? Jibu likiwepo, hata kama wenyewe hawakujui jina, nenda, ukafanye kwa nguvu zako zote, na siku ya kusema "atazikwa" usibabaike kwa sababu ya kofia iliyoanguka. Jibu lisipokuwepo, usikae ukazeeka hapo kwa ajili ya kivuli cha ofisi. Toka, ukauze simu na Yusufu. Na mwananchi akikuuliza unazalisha nini, usimwone adui. Amekulipa, ana haki ya kuuliza. Siku utakapochukia swali hilo, ujue umeanza kuogopa jibu lake.

Mimi nimefikia hapo. Wewe una elimu, endelea mbele, utafute hiyo mizani ambayo sisi hatukuipata.

Mungu akupe kazi inayokuchosha kwa heri. Akupe wakubwa wanaokusikiliza na wadogo wanaokukosoa. Akukinge na kiti kitakachokuwa kitamu kwako kuliko watu. Na wale watakaolala salama kwa sababu yako, wasiokujua wala kukushukuru, Mungu awahesabu Yeye mwenyewe, akulipe kwa idadi yao. Amina.