Nusu ya Dawa ya Mume Wangu

Kiungulia cha kuinama kina kisirani. Ukisimama kinashuka, ukishika jembe la palizi kinakupanda hadi kooni, mdomo unakuwa mchungu. Mwaka ule kilinikuta katikati ya palizi, kijijini kwetu Kwaluguru, kwenye ekari moja na nusu niliyoachiwa na mama yangu mzazi. Magugu yalinishinda, mahindi yakatoka membamba, na mume wangu akatamka kwamba masika yajayo lile shamba atalilima yeye, pamoja na lake. Nilimchukia wiki nzima.

Naye tumbo lilikuwa likimsumbua. Akapimwa choo hospitalini Korogwe, akaambiwa ana bakteria wa tumboni, akarudi na vidonge vya wiki mbili. Mama mkwe akakata shauri kama kawaida yake: mke na mume wanakula sinia moja, basi ugonjwa ni mmoja na dawa ni moja. Akavigawa mafungu mawili kwa mkono wake, sawa kwa sawa. Kwetu hakuna aliyeshangaa, hata dawa ya malaria tumeshagawana hivyo. Nami, mwanamke mzima, nikameza na nikashukuru. Vidonge vikaisha. Yeye tumbo likaendelea kumuuma, na mimi kiungulia kikazidi.

Nikaenda Korogwe peke yangu. Daktari alikuwa binti mdogo, akaniamkia shikamoo kabla hata sijakaa. Nilipomweleza habari ya mafungu mawili aliweka kalamu chini, lakini hakunigombeza. Alisema nikae zaidi ya mwezi bila dawa yoyote ya tumbo ndipo nipimwe, maana dawa zile huweza kumficha bakteria. Nikakaa, nikaungua, nikarudi. Majibu yakatoka: sina bakteria hata mmoja.

Nikamuuliza inakuwaje, sahani moja, kikombe kimoja.

“Mama, kula pamoja si lazima muambukizane, na kiungulia chako ni tindikali ya tumbo inayopanda. Huyo bakteria kuna watu anawapunguzia tindikali hiyo, na wengine anawaumiza,” alisema. “Wataalamu wanachunguza kama kwa wanaume anafanya hivi na kwa wanawake vile, na bado hawajakubaliana. Mimi ninachojua ni kwamba tumbo lako halipimwi kwa choo cha mume wako.”

Nilicheka mpaka watu wa kwenye benchi wakageuka. Akanipa dawa yangu, kidonge kimoja asubuhi kabla ya kula, akaniagiza nile mapema jioni na nisilale na shibe. Mume wangu nilimpeleka mwenyewe akaandikiwa dozi upya. Mama mkwe aliponyoosha mkono kupokea mfuko wa dawa, nilimwambia kwa adabu zote kwamba hii ni ya mwanao, ataimaliza yeye. Alininunia siku mbili. Mwanawe akaimaliza, akapona.

Masika yakaja. Alfajiri ya kwanza ya palizi niliinama nikiwa na hofu, nikangoja ule uchungu. Haukuja. Nikamaliza mstari, nikaanza wa pili, wa tatu, jua likanikuta katikati ya shamba na koo langu kavu, safi. Furaha ilinijaa nikataka kulia. Siku ya nne nilikuwa nimebakiza kipande kidogo upande wa njia, ndipo mume wangu akatokea na jembe begani, akasimama akitazama mistari iliyosafishwa. Akauliza aanzie wapi.

Nikamwambia aanzie shambani kwake.