Mama Alivyogombana na Mungu

Juzi kanisani kiongozi wa maombi alimkanya binti aliyekuwa akilia kwa nguvu: "Punguza sauti, dada. Mungu huombwa kwa adabu." Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kule Bwaise, mtaa wa mabanda wa Kampala. Maji ya mvua yalikuwa yameingia chumbani kwetu, na kila kitu kilinuka tope na makaa yaliyolowa. Mama alisimama majini akifoka: "Nimekuambia jana, nimekuambia leo! Watoto wangu walale wapi?"

Nilidhani anamfokea mwenye nyumba. Nikazunguka nyuma kumtafuta, nikakuta bata wa jirani tu.

"Mama, unagombana na nani?"

"Na Mungu."

"Hatakasirika?"

"Akasirike. Lakini anisikie."

Sasa najua yale yalikuwa maombi, na sijasikia ya kweli kuyazidi. Siku ile nilisimama tu kando yake, nikamnong'oneza Mungu kwamba namtaka baba, aliyebaki Kongo.

Mama alinishika mkono. "Sema kwa nguvu. Usimwombe kama mgeni."

Nikapiga kelele. Baba hakuja, na hilo bado namuuliza Mungu, kwa sauti, hata kanisani.