Jani la Sale kwenye Meza ya Fuwele

Nianze na hili ili tusisumbuane: ile fuwele sikuiharibu mimi. Anayeamini vingine, shauri yake.

Enzi za Mwingereza nilipata kazi Moshi mjini kwa mtaalamu mmoja wa Kizungu. Alikuwa akiandaa chombo cha kupandisha mlimani, cha kupimia nguvu ya chembe ndogo mno zinazoanguka kutoka juu angani. Chombo kilijengwa kwa fuwele, mabonge kama ya chumvi, meupe na maangavu, ambayo chembe ikiyapiga hutoa mmweko. Mimi ndiye niliyezipima. Naweka fuwele kwenye kisanduku cheusi, nasogeza kipande cha madini yenye miali, halafu naangalia kwenye kioo cha mashine mstari wa kijani ukiruka. Ukiruka vizuri, fuwele inafaa, ukilegea, naitenga. Wasichana wenzangu walinicheka eti nimeolewa na mashine. Wacheke tu, kazi ile niliipenda kupita kiasi.

Adui wa fuwele zile ni unyevu. Zinakunywa maji ya hewani, kwa hiyo zilikaa kwenye makopo yaliyozibwa kabisa, na hatukuzifungua ila ndani ya chumba kilichokaushwa kwa joto. Sasa, masika yakiwa yamepamba moto, Bwana akapata wageni wa chai. Akaniita nimpelekee barazani fuwele kubwa kuliko zote. Nikamwambia mvua inanyesha, itaharibika. Akasema nifanye ninaloambiwa. Akalifungua kopo mwenyewe, wageni wakaipokezana kwa mikono yao mitupu wakiisifia.

Kesho yake fuwele ilikuwa na ukungu wa manjano, na mstari kwenye kioo haukuruka. Basi Bwana akanigeuzia kibao. Eti ni mimi niliyeacha kopo wazi, na nisipokiri nitafute kazi kwingine. Nikamwambia sikiri.

Habari zikampata baba kule Uru kupitia watu waliotoka sokoni. Kwetu mkosaji akimpelekea aliyemkosea jani la sale, ule mmea tunaopanda mipakani, yule hana ruhusa ya kukataa, lazima asamehe. Baba aliijua vizuri nguvu ya jani lile, na aliogopa nitapoteza kazi. Hakuniuliza kitu. Alikata sale kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo, akateremka na mvua yake, na mimi nilipoingia nilimkuta amesimama mbele ya Bwana, kofia mkononi, jani liko juu ya meza ya kupimia. Bwana anatabasamu. Alishaelezwa maana yake.

Nikamwamkia baba shikamoo. Halafu nikaliokota lile jani.

Kwetu jani likishatolewa halirudishwi. Baba alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. Lakini jani maana yake ni kukiri, na mimi nikiri nini?

"Baba, hukuniuliza," nikasema. "Kopo alilifungua huyu, barazani, mbele ya wageni wake. Nilimkataza."

Baba akamgeukia Bwana, akamuuliza kwa upole kabisa kama ni kweli. Bwana akasema hilo halimhusu mzee, na mimi kazi yangu imekwisha.

Yaani kazi ndiyo hiyo, imekwenda. Iliniuma, sisemi uongo. Nikachukua khanga yangu, nikamwambia baba twende zetu. Hakuondoka. Alivaa kofia yake, akatoka hadi kwenye ngazi za mbele, akaketi katikati kabisa, pale ambapo mtu hawezi kupita bila kumruka.

"Bwana," akasema, "masale yapo hata hapo uani kwako. Binti yangu na mimi tunangoja la kwako."

Nikaketi pembeni yake. Mvua ilitunyeshea, wapita njia wakatuamkia, baba akawaitikia wote na kila aliyeuliza akamweleza tunachongoja. Jani halikuja. Giza lilipokaribia, yule mtaalamu wa nguvu za mbinguni alitokea mlango wa jikoni, akapita nyuma ya banda la kuku, akaenda zake.