Dawa ya Pamba

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mtu Sumbawanga alitaka Kiingereza. Mitumba ilitoka Zambia, betri zilitoka Zambia, hata mbegu, na anayezifuata huko alihitaji maneno ya kujibizana na askari wa mpakani. Mimi nilikuwa mwanamke nisiye na safari yoyote. Nilikuwa na cherehani moja kwenye baraza la duka la mtu, karibu na soko, na elimu yangu ya darasa la saba. Nilijiandikisha kwa sababu wateja wangu walijiandikisha. Nasema hivyo nisije nikajipa hamu ya elimu ambayo sikuwa nayo.

Tulikutana ukumbi wa parokia, jioni tukishafunga biashara. Mwalimu wetu alikuwa mstaafu, mtu mwembamba wa sweta la kijivu, na alitufundisha kama alivyozoea kufundisha watoto: unasimama, unasema, unakaa. Siku ninayoiandika hapa ilikuwa Oktoba, wakati wa kuchoma nyika. Upepo wa huku haupumziki, na moshi ulikuwa umetanda juu ya vilima kwa majuma. Jua lilikuwa linashuka jekundu kama kaa la moto, na majivu ya nyasi yalipenya madirishani yakatua juu ya madaftari yetu. Tuliyapuliza tukaendelea kuandika.

Mwalimu aliandika ubaoni sentensi mbili za Kiingereza, moja chini ya nyingine.

"Hii ya juu ni ya mtu ambaye bado ana nafasi," alisema. "Hii ya chini ni ya mtu aliyechelewa. Kama ningalijua, nisingalifanya. Amekwisha kufanya huyo, hana la kurekebisha, anajuta tu."

Akataka kila mmoja asimame atoe sentensi moja ya kuchelewa, ya kweli, kutoka maisha yake. Aiseme kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili ili wenzake waipime.

Mama mmoja muuza mitumba alianza. Kama asingaliolewa na mumewe, angalikuwa mwembamba mpaka leo. Tulicheka, yeye akiwa wa kwanza. Akafuata kijana wa Kisukuma aliyekuwa akipeleka ng'ombe minadani. Kama baba yake asingalihamia huku Ufipa, yeye asingalijua baridi.

"Si urudi kwenu!" mama wa mitumba akamrushia.

"Nikirudi nyama mtaipata wapi, mama? Mtabaki na maharage yenu, ukumbi huu hautakalika."

Mwalimu mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani.

Kisha alisimama muuza dawa. Huyu nilimfahamu vizuri, meza yake sokoni ilitazamana na baraza langu. Alikuwa ametokea mjini Mbeya, akiuza sumu ya panya, dawa ya chawa, na ile ya unga ya kuhifadhia mahindi yasiliwe na dumuzi. Mtu mchangamfu, alikuwa anapunguza bei hata asipoombwa. Alijikongoja kwenye Kiingereza, akasahau neno, akarudia, mwisho akaona bora atueleze kwa Kiswahili.

"Kama ile dawa ya mahindi isingaliniishia mapema, nisingaliuza ya pamba."

"Vizuri," Mwalimu alisema. "Kaa." Yule bwana hajagusa kiti, Mwalimu akamwambia tena, "Hebu ngoja. Ya pamba?"

"Ya pamba, Mwalimu. Jamaa mmoja aliniletea pipa kutoka ng'ambo. Nyeupe vilevile, unga vilevile. Harufu tu ndiyo kali kidogo."

"Ukawauzia watu watie kwenye mahindi? Ya kula?"

"Sasa Mwalimu, mdudu si mdudu? Inayomuua wa pamba itashindwaje na wa mahindi?"

Watu wakacheka tena, maana alivyosema ilichekesha. Ufipa hatulimi pamba, na wengi wetu hatukuwa na habari nayo. Kijana wa Kisukuma hakucheka.

"Mzee," alisema, "kule tulikotoka, shamba likipigwa dawa hiyo mbuzi hapitishwi. Na aliyepiga anaosha mpaka hapa." Akaonyesha kiwiko.

"Kwani nani amekufa?" muuza dawa aliuliza. Aliuliza kweli, akitutazama mmoja mmoja. Sitaki kumfanya mbaya kuliko alivyokuwa. Kwa kadiri tulivyojua, hakuna aliyekufa.

Zamu yangu ilikuwa inafuata. Nilikusanya daftari na kalamu nikatoka.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa kijiji cha upande wa Mpui. Zamani dawa ya mahindi ilifika kule kwa mkono wa ushirika, na bwana shamba alikuja nayo na kipimo chake. Mwaka ule ushirika ulikuwa umebaki ghala tupu na mlinzi. Kwa hiyo shemeji, mume wa dada, alikuja kununua dawa sokoni mwenyewe, na mimi nikaacha cherehani nikamsindikiza mpaka pale mezani. Aliuliza inatiwaje. Namkumbuka muuza dawa akisema, "Kidogo tu." Namkumbuka pia akisema, "Usiogope." Inawezekana aliyasema yote mawili. Inawezekana moja nimeliongeza mimi. Shemeji akasema, "Basi tutapima kama majivu," na yule bwana akajibu, "Haya."

Hapo sioni wa kumlaumu peke yake. Mtu wa mjini Mbeya angejuaje majivu yanapimwaje kwetu? Tangu bibi zetu, maharage ya kuweka yanachanganywa na majivu, kopo zima kwa gunia, na mama mwenye mkono mzito anaongeza, kwa sababu majivu hayajawahi kumdhuru mtu. Nilikwenda kuwasaidia kupukuchua mahindi wakati wa baridi, nikayaona kwa macho yangu. Dada alimwaga ule unga mweupe kopo baada ya kopo, akachanganya kwa mikono mitupu, akipiga chafya.

"Mwaka huu dumuzi atahama mkoa!" alisema.

Niliposhika na mimi, vidole viliwasha mpaka jioni. Nilidhani ni vumbi la magunzi.

Mahindi yakajazwa kwenye kihenge, na mdomo wake ukasiribwa kwa udongo na samadi. Kihenge kikishasiribwa kwao hakiguswi mpaka chakula kilichobaki nje kiishe. Siku hiyo ikifika, anayekifungua ni mama wa nyumba, na ugali wa kwanza anawapikia wakwe zake kabla ya watoto wake. Chakula cha nje huwa kinaisha Oktoba.

Asubuhi iliyofuata darasa lile nilipanda lori la wanunuzi wa mahindi, wale wafanyabiashara binafsi waliokuwa wakizunguka vijijini. Njia nzima nyika ilikuwa imeungua pande zote mbili, na kunguru walikuwa wanatembea juu ya weusi wakitafuta panzi waliokaangika.

Nilifika mchana. Mdomo wa kihenge ulikuwa umekwisha kubanduliwa. Mahindi yamesambazwa kwenye mkeka juani, yameoshwa, na dada anayachambua miguu imenyooka.

"Karibu, mwenzetu una pua ya ugali," alisema. "Wakwe wanakuja Jumapili. Kesho tunakwenda mashineni."

"Mmekwisha kula?"

"Salamu kwanza! Huko mjini ndivyo mnavyofundishwa?"

"Dada, mmekula haya mahindi?"

Walikuwa hawajala. Nilikaa chini kwenye udongo, na hapo ndipo salamu ikapata nafasi.

Nilieleza kila kitu mbele ya shemeji, aliyerudi akiwa na jembe begani. Nilijitahidi kueleza kama nilivyosikia bila kuongeza chumvi, na nadhani hilo ndilo lililoharibu, maana shemeji aliona ninasitasita.

"Kwa hiyo una hakika au huna?"

"Sina hakika, shemeji. Nimesikia."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa Msukuma mmoja wa darasani."

"Msukuma wa darasani." Alilirudia taratibu. "Chakula cha nyumba hii mpaka mavuno kimo humo ndani. Umekuja kunifungia kwa maneno ya Msukuma wa darasani?"

Dada ndiye aliyesema kuku wapewe kwanza. Aliwarushia konzi mbili za mahindi yasiyooshwa, kuku watatu wakala, jogoo akakataa. Asubuhi mitetea wawili kati yao walikuwa wamelala chini ya kihenge, shingo zimepinda. Nilifikiri maneno yamekwisha. Lakini jirani wa ng'ambo ya njia alikuwa anatupa kuku wake pia, na mwingine zaidi, maana kideri kilikuwa kimeingia kijijini juma lile. Shemeji aliwashika wale mitetea miguu, akawageuza, akatazama midomo yao.

"Kideri," alisema.

Mpaka leo siwezi kuapa kwamba hakikuwa kideri.

Tulikaa kuzunguka kile kihenge kama watu wa msibani. Wakati huo lori lililonileta lilikuwa bado lipo uwanjani, tunalisikia likipiga honi kuita wauzaji. Shemeji alisimama.

"Nawaita waje kuchukua. Hela tutanunulia mahindi mengine."

"Haya yataenda wapi?" dada aliuliza.

"Nitajuaje? Mjini. Popote. Wale hawanusi, wanapima tu."

"Yataliwa."

"Na sisi tutakula nini?" Alinigeukia mimi. "Shemeji, wewe mwenye Kiingereza. Tutakula nini?"

Lilikuwa swali la haki. Alikuwa na watoto ndani ya nyumba ile na wazazi wake juu ya kilima. Mimi nilikuwa na chumba cha kupanga na cherehani. Lile lori lilinipita moyoni: nilifikiri, likiyachukua, angalau hawa ninaowajua hawatayala. Nilifikiri hivyo kwa muda wa kutosha. Siwezi kusema sikufikiri.

Dada alichukua jembe lililokuwa limeegemezwa ukutani, akaenda nyuma ya nyumba, tukasikia anachimba. Alichimba kama wanavyochimba wanawake wa kwetu wanapogeuza nyasi kutengeneza matuta ya duara, kwa mapigo marefu yasiyoharakishwa. Shemeji hakwenda kumzuia. Hakwenda kumsaidia pia. Aliketi kwenye kigoda akisikiliza honi mpaka lori likaondoka. Mimi nilibeba mahindi kwa ndoo, nimejifunga khanga puani, nikimimina shimoni bila kumtazama dada usoni. Shimo halikuwa refu vya kutosha. Jioni ilipofika tulifukia kwa udongo kidogo uliokuwapo, dada akaupigapiga kwa mgongo wa jembe.

Jumapili wakwe walikuja wakala viazi. Walikuwa wameambiwa. Mama mkwe alimshukuru dada kwa viazi, akataja kwamba katika nyumba ile hajawahi kuona kihenge kikifunguliwa na kisitoe ugali. Alisema kwa upole tu.

Mjini, Mwalimu alikuwa amekwenda kwa padri, na padri alitangaza kanisani kwamba walionunua dawa ya unga sokoni wasitumie mahindi yao. Muuza dawa hakurudi darasani na pipa sikuliona tena mezani. Niliposimama kwake aliniambia amelimwaga. Sikuuliza wapi. Nilisikia habari za familia iliyotapika upande wa Matai, mtoto mmoja akazikwa. Nikasikia pia kwamba lilikuwa tumbo la kuhara lililopita huko miezi ile. Walionisimulia walikuwa watu waaminifu, wa habari ya kwanza na wa habari ya pili.

Njaa ya nyumba ya dada ilianza kabla ya mvua. Alikwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya wenzake, kwa debe la mahindi kila alipomaliza kipande alichopimiwa. Shemeji alikata kuni akauza. Nilipeleka unga nilioweza, mara nyingine sikuweza. Watoto walinipokea mzigo kama zamani, "Shikamoo mama mdogo," halafu wakaupima kwa mikono kabla ya kuufungua.

Mvua zilipokolea nilikwenda tena na kibaba changu cha unga. Dada alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, mikono kiunoni, na hakunigeukia nilipobisha. Nikasogea nikatazama alipokuwa anatazama.

Pale tulipofukia palikuwa pameota. Mahindi ya juu juu yalikuwa yamenyeshewa, yakatoka yote kwa pamoja, yamesongamana kama nywele, ya kijani kilichokolea kuliko shamba lolote nililolipita njiani siku ile. Shemeji alikuwa ameinama katikati yake mvuani. Kwanza nilidhani anayang'oa. Nikasema moyoni afadhali.

"Tangu asubuhi yupo hapo," dada alisema kwa sauti ndogo.

"Anayang'oa?"

"Tazama."

Nilitazama. Alikuwa anang'oa mmea mmoja na kuuacha wa pili, akipima nafasi kati ya mmea na mmea kwa hatua ya mguu wake, na kila aliouacha aliusogezea udongo kwenye shina kwa mikono miwili.