Sabuni kwenye Upinde

Mjukuu wangu anafungua kasha la fidla sebuleni, hapa Lewisville, Marekani, na kusugua utomvu mkavu kwenye upinde. Harufu ile ya msonobari inanirudisha kwenye ukumbi wa misheni, Kongo.

Mfaransa mmoja, aliyewahi kuongoza okestra kubwa kwao, alikuja kutufundisha fidla; tulimwita Maître, yaani mwalimu. Wapigaji wote wa mji wetu walitoka mikononi mwake. Alimpa mdogo wangu sehemu ya kupiga peke yake. Mimi mkubwa akaniweka safu ya nyuma. Wivu ulinikaba. Siku ya onyesho niliupaka upinde wa mdogo wangu sabuni, ili uteleze tu juu ya nyuzi.

Alipouvuta, haukutoa sauti. Watu wakacheka. Mfaransa akashusha kijiti chake cha kuongozea, akagusa nywele za upinde.

"Nani amefanya hivi?"

Mdogo wangu alikuwa ameniona. "Ni mimi, Maître. Nilitaka ung'ae."

"Mjinga wewe! Toka. Kaka yako atapiga."

Ningeweza kusema ukweli. Nilikaa kwenye kiti chake, nikapiga mpaka mwisho bila kukosea. Watu walipiga makofi sana. Mfaransa hakunitazama, macho yake yalibaki kwenye mlango aliopitia mdogo wangu kwenda nje, na mimi, katikati ya makofi yale, nikazidi kumwonea wivu.