Maji Yaliyopelekwa Migombani

Juzi nilipita Msimbu nikakuta mvua imeshusha tope lote la barabara kwenye kisima chetu cha zamani. Nikakaa chini. Magoti nayo siku hizi hayangoji kuambiwa.

Enzi zile, vumbi likianza kunukia mvua, mama na shangazi walikimbilia juu ya kisima na majembe, wakate mfereji maji ya mlimani yaishie migombani. Kisima kikiingia tope, tulilazimika kuchota maji bonde la mbali, na mwaka ule mama alikuwa na mimba kubwa ya mdogo wangu.

Alasiri moja mvua iliwawahi. Mama alichimba huku akiyafokea maji, "Pita huku, bibi wee! Huko hukualikwa!"

Mimi nikadhani kweli mle majini mna bibi. Nikainama, "Shikamoo."

"Marahaba," akaitikia shangazi. "Haya, mwambie apite!"

Walicheka mpaka majembe yakawaponyoka.

Mvua ilipokatika tuliinama kisimani sote. Maji yalikuwa maangavu, bila tope, na mle ndani uso wa mama ulikuwa unacheka, matone yakimning'inia puani.

Mama hakuwahi kupigwa picha. Nikitaka kumwona, namwona mle.